Siku ya Mpira Nairobi, Gari ni Mzigo

Mtu wa pwani akisikia kwamba kuna mpira mkubwa Nairobi, neno lake la kwanza huwa tikiti. La pili ni nani atakayemlaza. Suala la gari halimjii mpaka ameshafika Bellevue, jua la saa saba li utosini, na mbele yake kumejaa mapaa ya magari hata haioni barabara yenyewe. Ndipo anapoanza kuuliza njia. Na Nairobi, waungwana, siku ya mpira haina njia ya kuulizwa dakika ya mwisho.

Mimi nimekaa mji huu miaka mingi, ijapokuwa kitovu changu kimezikwa Mombasa, na kila kunapokuwa na mchezo mkubwa nyumba yangu hugeuka ofisi ya habari. Simu zinapigwa kutoka Majengo, Kisauni, Malindi, hata Lamu: "Tukija na gari tutaliweka wapi?" Jawabu langu ni moja siku zote: liwekeni mbali, mwende kwa miguu. Wa Lamu hunielewa upesi, maana kwao kinachotafutiwa mahali pa kufungwa siku ya Maulidi ni punda. Wa Mombasa hudhani nafanya mzaha.

Tuanze na kiwanja cha Nyayo, kwani ndicho kilicho karibu na katikati ya mji. Kilifunguliwa mwaka wa 1983, na huchukua watu kama 30,000. Aliyekichagulia mahali alikiweka penye njia panda hasa. Uhuru Highway inapita mbele yake ikielekea Mombasa, barabara ya Lang'ata inaanzia papo hapo, na mbele kidogo barabara ya Mbagathi inamwaga magari yote yatokayo upande wa Ngong Road. Kila mtu wa Lang'ata na Rongai anayerudi kwake jioni lazima apite hapo, awe anapenda kandanda au hata hajui goli ni nini. Kwa hivyo siku ya mechi hukutana watu wa aina mbili, wanaokwenda mpirani na wanaokwenda nyumbani, na hakuna anayetaka kumpisha mwenziwe.

Wako watakaoniambia kwamba tangu 2022 kuna ile barabara ya juu, ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Ni kweli, na ni nzuri. Juu kwa juu ni raha tupu. Lakini mpira hauchezwi juu. Lazima ushuke, na ukishuka utawakuta wenzio pale pale ulipowaacha.

Kwa miguu mambo ni mengine kabisa. Kutoka msikiti wa Jamia hadi Nyayo ni kama kilomita tatu. Kutoka stesheni ya reli ni karibu zaidi, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Na tena si mwendo wa upweke. Gor Mahia wanapokutana na AFC Leopards, mechi ambayo watu wameipa jina la Mashemeji kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoleana siku nyingi, mashabiki hukusanyika mjini na kushuka pamoja, kijani huku, buluu na nyeupe kule, ngoma za isukuti na tarumbeta za plastiki zikishindana. Wanatukanana kishemeji, yaani matusi ambayo mtu asiye ndugu hawezi kukuvumilia. Mimi huwafuata kwa nyuma, kando ya njia, na nakwambieni kwamba nusu ya tamasha iko hapo, bila ya tikiti. Aliyejifungia ndani ya gari na vioo amevipandisha hayaoni hayo.

Nina mpwa wangu anayekaa Lavington, kijana wa ofisini, ana gari zuri. Siku moja ya Mashemeji nilimwambia tukutane Jamia, tuswali adhuhuri, kisha tushuke pamoja.

"Mjomba," akaniambia, "kwa miguu? Na jua lote hili? Mimi nitapita Mbagathi. Dakika 20 nimefika."

"Haya, mwanangu. Tutaonana."

Nikaswali zangu, nikashika njia taratibu, na saa nane na robo nilikuwa nimeshakaa kitini na karanga zangu. Saa tisa mpira ukaanza, mpwa wangu hayupo. Alasiri ikaingia karibu na mapumziko, nikatandika kikoi nyuma ya jukwaa pamoja na vijana wa Eastleigh na South C, tukaswali jamaa. Mpwa wangu hayupo. Alitokea kipindi cha pili kimeshaanza, shati limemganda mgongoni, na tai aliyosahau kuivua shingoni.

"Gari umeliweka wapi?"

"Nairobi West, mjomba. Kijana mmoja amenionyesha nafasi nzuri sana."

Nafasi ilikuwa nzuri kweli, mpaka walipokuja wengine watatu wakaegesha nyuma yake. Mpira ulipokwisha tulilikuta gari limezibwa kama mtungi, na wenye magari yale hawaonekani. Nairobi West ni mtaa wa nyama ya kuchoma, na mtu anayesubiri nyama ya kuchoma hana haraka. Mwana wa dada hatupwi, nikakaa naye. Magharibi tuliiswali South C, na alipopata mwanya wa kutoa gari lake isha ilikuwa imeshaadhiniwa zamani.

Yule kijana aliyemwonyesha nafasi sitamlaumu. Kazi yake ni ya zamani kuliko kiwanja chenyewe. Miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa na vijana walioitwa paking boi, watoto wa mitaani walioishi kwa kuwapungia mikono wenye magari, kuwaonyesha mahali pa kuegesha, kisha kulilinda gari kwa senti chache. Wakubwa waliwaona ni uchafu wa mji. Padri mmoja wa Kiholanzi, Arnold Grol, aliwaona ni watoto, na mwaka wa 1973 akaanzisha kwa ajili yao chama cha Undugu. Mwaka huo huo ndio Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya kuziruhusu matatu kubeba abiria. Kwa hivyo mambo mawili yanayotawala barabara za Nairobi siku ya mpira, kijana wa kupunga mkono na gari la abiria lisilosikia la mtu, yalipata heshima yao mwaka mmoja. Wa leo si watoto tena, ni vijana wa mtaa wanaotandaza vitambaa vyekundu na kuuza kila kipande cha ardhi kuanzia ua wa duka mpaka mtaro. Ukilazimika kushughulika nao, muulize swali moja: baada yangu utamweka nani, na wapi? Geuza gari pua itazame njia ya kutokea. Nusu ya malipo mpe mkononi, nusu umwambie ataipata ukirudi. Utashangaa gari lako litakavyolindwa.

Lakini kuna jambo ambalo halina kicheko ndani yake.

Watu wa pwani tunaijua Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Wagonjwa wetu wa moyo, wa figo, wa saratani, wangapi tumewapandisha Nairobi kwa barua ya daktari? Hospitali hiyo imekaa baina ya barabara ya Ngong na barabara ya Mbagathi. Chini yake, kwenye Mbagathi hiyo hiyo, kuna hospitali nyingine ya serikali. Juu yake, upande wa Hurlingham, iko Nairobi Hospital. Sasa tazama ramani. Kiwanja cha Nyayo kiko upande wa mashariki, na upande wa magharibi, Jamhuri, ndiko kilikopelekwa kiwanja cha Talanta. Hospitali ziko katikati. Njia za mpira ndizo njia za wagonjwa. Gari lililopandishwa kwenye ukingo wa Mbagathi "kwa saa mbili tu" limepunguza barabara, na gari la wagonjwa linalotoka Rongai au Kibera likipiga king'ora halina juu wala chini pa kupita. Nimesimama pale siku ya mechi nikalisikia likilia mahali pamoja muda mrefu. Mashabiki walikuwa wakimpigia dereva makofi, wakajitolea kusukuma magari madogo kando kwa mikono, wakafanikiwa. Siku hiyo kulikuwa na mashabiki wengi na moyo mwema. Si kila siku.

Tena msisahau kwamba hatari kubwa ya mpira haiko ndani ya kiwanja. Iko mlangoni na njiani. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Mashemeji, watu 7 walifariki pale Nyayo katika msukumano wa kuingia. Watu walikwenda kutazama mpira wakarudi kwao katika sanda. Mwaka wa 2022 huko Kasarani, siku ya kuapishwa kwa Rais, wengi walijeruhiwa mlangoni. Na Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, watu wasio na tikiti waliingia Kasarani kwa nguvu hata shirikisho la mpira la Afrika likaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe. Ukichunguza utaona kwamba msukumano huzaliwa na kuchelewa. Watu elfu kumi walioketi ndani ya magari tangu saa saba hufika wote kwa pamoja saa tisa kasoro dakika tano, kila mmoja roho juu, na mlango ni ule ule. Aliyefika kwa miguu saa nane ameshaketi.

Mwenye kuhiji hahitaji kuelezwa haya. Januari 2006 watu 346 walifariki Jamarat katika msongamano wa kutupa vijiwe. Baada ya hapo daraja la zamani likabomolewa, likajengwa jingine la ghorofa kadhaa, na ikapangwa kwamba njia ya kuingilia haiwi njia ya kutokea. Mwaka wa 2010 ikaanza kwenda treni baina ya Mina, Muzdalifa na Arafa, kupunguza mabasi. Hata hivyo mwaka wa 2015 Mina ikapata msiba mwingine mkubwa, na safari hii haukuwa darajani bali barabarani, mahali njia mbili za waendao kwa miguu zilipokutana. Wenye fedha na ujuzi wote ule bado wanajifunza jinsi ya kupitisha watu. Sisi tunajenga kiwanja kwanza, njia tutaifikiria baadaye.

Ndiyo maana Talanta inanitia wasiwasi. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa Septemba 2023 heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Machi 2024 ukazinduliwa ujenzi wa kiwanja hicho cha watu 60,000 hapo Jamhuri, kando ya Ngong Road. Mpira ninaupenda na heshima ni yetu sote. Lakini hebu tupige hesabu ya dukani. Tuseme thuluthi moja tu ya watu hao waje kwa magari yao, wanne wanne. Ni watu 20,000, sawa na magari 5,000. Gari moja lina urefu wa kama mita tano hivi. Yapange moja nyuma ya jingine, pua kwa mkia, pasipite hata mkono baina yao: ni kilomita 25, karibu urefu wote wa ile barabara ya juu. Yatakaa wapi? Ngong Road imepanuliwa, nakubali, kwa msaada wa Wajapani, nayo si ile ya zamani ya njia moja na mashimo. Lakini ni hiyo hiyo inayobeba watu wa Karen, Dagoretti, Kawangware na Ngong, na ina historia yake ya kufurika: kiwanja cha raga, mbio za farasi, maonyesho ya kilimo ya kila mwaka hapo Jamhuri. Wakazi wa Woodley na Jamhuri watakwambia jinsi wanavyoamka siku ya maonyesho wakakuta gari la mtu limelala mbele ya lango lao kama ng'ombe.

Mtu atauliza, je, Nairobi inaweza kutoa magari barabarani kwa siku moja? Inaweza, kwa sababu ilikwisha fanya. Novemba 2015 Papa Francis alipokuja, serikali ilitangaza siku ya misa kuwa sikukuu, ikafunga barabara za kuelekea Chuo Kikuu, na watu wakaenda kwa miguu, wengine usiku kucha na mvua ikiwanyeshea. Kesho yake alikwenda Kangemi, mtaa wa watu wa kawaida huko magharibi, na barabara zikafungwa tena. Mji haukuanguka. Tofauti ni kwamba mgeni alikuwa mkubwa na askari wakubwa nao walihusika. Mpira ni wa walalahoi, na kwa walalahoi watu huachiwa wajitafutie.

Basi tujitafutie. Nitasema ninavyowaambia jamaa zangu, na asiyetaka aache.

Anayekuja kutoka Mombasa kwa reli ndiye mwenye bahati. Treni humshusha Syokimau, na pale kuna treni ndogo ya kumleta stesheni ya katikati ya mji. Kwa Nyayo amekwisha kufika, abakishe kutembea. Kwa Talanta, apande 111 ya Ngong pale Railways mapema, kabla ya saa sita, nauli ikiwa bado ina haya. Kufikia saa saba makanga huwa wameshavaa macho makavu, na nauli huweza kupanda hata mara mbili. Mwenye nyumba ya kufikia Kawangware au Lavington anaweza kutumia 46, lakini asitegemee kushushwa mlangoni. Atembee kipande cha mwisho.

Anayekuja na gari, na wako wenye wazee na watoto ambao hawawezi vinginevyo, asiingie mjini kabisa. Akitoka barabara ya Mombasa ashike kushoto njia ya Southern Bypass, ile inayoambaa na mbuga ya wanyama. Ni kama kilomita 28, nayo humzungusha mpaka kwenye Ngong Road upande wa Karen, ng'ambo ya pili ya Jamhuri, ambako atapata pa kuliacha gari mbali na zogo na kumalizia kwa matatu. Kwa Nyayo, aliache kwa jamaa South C. Nani kati yetu hana jamaa South C?

La boda boda sitalisema sana. Wanafika, hilo halina ubishi. Wanavyofika ndivyo vinavyonifanya nisome Ayatul Kursi.

Limebaki suala la swala, ambalo magazeti mengine hayaligusi. Mechi ya saa tisa ina nafuu: alasiri huangukia karibu na mapumziko, na nyuma ya majukwaa watu huswali bila ya kubughudhiwa na mtu. Ya saa kumi na moja ndiyo yenye mtihani. Robo fainali ya CHAN baina ya Kenya na Madagaska, Ijumaa ya Agosti 22, 2025, ilianza saa hiyo, na magharibi ikaingia watu wakiwa wamesimama juu ya viti. Tena ikaendelea mpaka penalti, na tukashindwa. Nilimwona mzee mmoja wa Malindi akitoka kwa utulivu kabisa wakati wenzake wanapiga kelele, akaenda akaswali, akarudi. Msafiri ana ruhusa zake, na hilo waulizwe masheikh. Lakini mwenye gari lililozibwa na magari matatu hana ruhusa wala msala. Anaiona magharibi ikimpita ameshika usukani.

Kwa watakaokwenda Talanta, nina siri moja ya jirani. Mwendo mfupi kutoka Jamhuri ni Kibera, na upande wa Makina ndiko waliko Wanubi, wajukuu wa askari Waislamu waliopewa kukaa pale enzi za Waingereza na kupaita Kibra, yaani msituni. Walidai ardhi yao zaidi ya miaka mia, na mwaka wa 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Makina kuna misikiti, kuna maji ya kutawadhia, na kuna watu watakaokuitikia salamu yako kwa Kiswahili ambacho hakitakuchosha. Mpira ukiisha, waache wenye magari wapigiane honi. Wewe shuka Makina kwa miguu, uwahi magharibi yako. Ukitoka msikitini tafuta mama wa Kinubi anayeuza gurusa na chai ya rangi. Ukiiita gurusa chapati atakusahihisha, naye ana haki. Kaa unywe. Namba 8 ya mjini hupakia hapo hapo mpaka usiku, na kufikia isha Ngong Road huwa imeanza kufunguka, na ile nauli iliyopanda jioni huwa imeshashuka.